Makofi kwa Bi Subira

"Zimamoto, Sele katutoka."

Ujumbe huo ulinikuta Nansha, bandarini, nimesimama nasubiri kontena la mteja lifunguliwe kwa ukaguzi, jua la saa nne limenikaa utosini. Sikulia. Naanza na hilo ili anayetaka kusoma kumbukumbu za majonzi afunge kitabu akatafute kingine. Nilisema "Inna lillahi" kwa sababu nimefunzwa adabu, halafu hasira ikanipanda mpaka masikio yakawa moto, kama kwamba Sele amenifanyia jambo jingine kwa kufa. Tena aliyeniandikia ni kijana wa Kariakoo ambaye mimi ndiye niliyempokea uwanja wa ndege alipokuja Guangzhou mara ya kwanza, nikamtafutia pa kulala, nikamwonyesha pa kula, na mpaka leo hajui kuwa naitwa Riziki. Ananijua kwa jina alilonipa Sele. Wako wengi mjini humu wanaoniita Zimamoto na hawajawahi kuuliza kwa nini, na wachache wanaojua kwa nini ndio wanaocheka zaidi.

Haikupita nusu saa kundi letu la simu, Watanzania wa Guangzhou, lilikuwa limejaa mikono ya dua. Tumemsamehe. Mtu wa watu. Ulimi wa asali. Hakuwahi kugombana na mtu. Ndiyo desturi yetu, na ni desturi nzuri: mtu akifa, kila aliyekosewa naye huombwa atoe radhi, marehemu asiende na mizigo ya watu mabegani. Mimi sikuandika kitu. Adhuhuri mwenyekiti wetu akaniandikia pembeni, peke yangu: "Dada, tunakusubiri wewe tu." Mnaona? Kumbe wanajua. Wanajua kuna jambo, na wanataka nilifunike kwa neno moja, haraka, kabla maiti haijapandishwa ndege. Nikaizima simu, nikaendelea kusubiri kontena.

Nina miaka arobaini na ushee sasa. Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa binti mwembamba, mwanafunzi kutoka Unguja, nasoma mambo ya usafiri kwa ufadhili, na Kichina changu kilikuwa bado cha kutambaa: nasikia mengi, nasema machache. Siku za wiki nilikaa bwenini chuoni. Siku za mapumziko nilikimbilia mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya kumi na moja, kwa Dada Zulekha, mfanyabiashara wa nguo za watoto, mtu wa kwetu, ambaye aliniona siku moja nimesimama dukani natazama kopo la tui kama yatima, akanishika mkono akanipeleka kwake kula. Nyumba ile nusu yake ilikuwa marobota. Sebuleni ulipita ubavuubavu. Jikoni, ukitaka kufungua friji lazima mtu atoke kwanza. Na nyuma ya pazia la khanga, juu ya godoro baina ya marobota mawili ya fulana, alikaa mama yake Zulekha, Bi Mize, aliyeletwa kutibiwa mtoto wa jicho. Daktari alikuwa amelimaliza jicho la kulia na wanasubiri liwe tayari la kushoto, na katika kusubiri huko Bi Mize aliliteka jiko.

Mtume! Vyakula vya mwanamke yule! Alipika pweza wa nazi kwa tui la kopo na huwezi kujua. Alikaanga mandazi mpaka jirani wa Kichina akaja kubisha hodi, tukadhani anakuja kulalamikia moshi, kumbe anataka kuonja. Samaki tu ndio waliomshinda. Sokoni walimwonyesha samaki hai ndani ya tangi, akarudi mikono mitupu. "Samaki anayenitazama usoni simli mie," alisema. "Nitamwambia nini?" Tulicheka siku nzima. Mpaka leo nikipita mbele ya matangi yale namsikia.

Jumapili chakula kilikuwa cha watu wote, na mtu wa kwanza kufika siku zote alikuwa Sele. Suleiman, mtoto wa Dar, viatu vinang'aa, simu mbili, manukato yanatangulia mlangoni. Kazi yake ilikuwa ukalimani wa soko. Mfanyabiashara akishuka ndege hajui hata kuuliza choo, Sele anamchukua, anampeleka Zhanqian kwenye majengo ya bei ya jumla karibu na stesheni, au Shahe kwenye nguo za bei ya chini, anamsemea, anampatanisha, anamrudisha hotelini. Na nikisema anamsemea, nataka nieleweke vizuri, kwa sababu mambo yote yaliyofuata yamekaa hapo. Siku moja nilifuatana nao Zhanqian. Zulekha aliinua gauni la mtoto, akalivuta mshono, uzi ukatoka wote mkononi. "Mwambie huyu mzigo wake mbovu," alisema. "Mwambie safari iliyopita watu wamenirudishia, nimetiwa aibu soko zima la Darajani." Sele akamgeukia laoban, yaani mwenye duka, akatabasamu meno yote, akamwambia kwa Kichina: Dada yangu anasema mzigo wako unapendwa sana kwao, hataki duka jingine, anaomba tu safari hii umshonee kwa uzi mzuri zaidi kwa sababu ya mapenzi. Laoban akacheka, akaagiza chai, akakubali. Zulekha akauliza, "Kasemaje?" Sele akajibu, "Anaomba radhi, kaona haya." Laoban hakuomba radhi wala hakuona haya. Mimi nilisikia yote mawili, na nikiri nilifurahi, maana magauni yalishonwa upya na kila mtu aliondoka anacheka. Ndivyo soko linavyokwenda. Kila upande unasikia linaloupendeza, na mzigo unapakiwa.

Mwaka ule njia ya treni ya chini ya ardhi inayotoka Guangzhou kwenda Foshan ilikuwa mpya, miji miwili jirani imeunganishwa, na watu walikuwa wakiipanda kwenda na kurudi bila shughuli yoyote. Chuoni wakaamua kufanya maonyesho ya njia za zamani zilizounganisha miji na vitongoji vyake sehemu mbalimbali za dunia, na kila mwanafunzi wa kigeni akaambiwa alete moja ya kwao. Mimi nilikuja na manung'uniko yangu mezani kwa Zulekha: sina kitu, reli kubwa za bara wameshazichukua wengine. Bi Mize alikuwa anasafisha pweza. Akasema bila kuinua uso, "Kwani la Bububu si gari?"

Nilikuwa nimelisikia gari la Bububu kama mtu anavyosikia mambo ya kale, kwa sikio moja. Nilijua kwamba zamani za mkoloni kampuni ya kigeni ilitandika reli kutoka mjini Unguja, pale Ngome Kongwe, ikapita mtaani Malindi kwenye njia nyembamba hata mtu akatoka dukani akalikuta gari puani, ikaandama pwani mpaka Bububu. Kwamba wakubwa walikuwa na behewa lao. Kwamba zilipokuja motokaa na barabara reli iling'olewa. Basi. Bi Mize yeye hakulijua kutoka shuleni. Alilijua kutoka usoni mwa mama yake. Nilikaa juu ya gunia la mchele, yeye kwenye kigoda, pweza yuko kwenye bakuli baina yetu, na alinieleza bila kusita hata mara moja, kama mtu aliyekuwa akingojea kuulizwa tangu utotoni.

Mama yake akiitwa Subira binti Makame. Alikuwa kigori. Nyumba yao ilikuwa upande wa Mtoni, ya makuti, na reli ikaja ikapita ubavuni. Gari lilikuwa la moto, likitema cheche, na mchana mmoja wa kaskazi cheche ikatua juu ya paa. Watu wote walitoka. Subira akarudi ndani kumfungua mbuzi aliyekuwa amefungwa uani, paa likamwangukia. Mbuzi akapona. Subira aliungua uso upande mmoja na mkono mzima wa kushoto. Akaja mkubwa wa reli kutazama, akapima kwa hatua zake, akasema nyumba imejengwa karibu mno na reli. "Nyumba kaijenga babu yake babu!" alisema Bi Mize, na kisu kikagota kwenye bakuli. "Reli imekuja juzi! Nyumba ndiyo iliyoisogelea reli? Imekwenda kwa miguu?" Kisha watoto wa mtaani wakampachika jina. Wakamwita Gari Moshi. Akipita wanapiga honi kwa midomo. Akaolewa mtu mzima, mke wa tatu, na hata harusini kuna aliyepiga honi. Alipokufa, mwanamke mmoja aliuliza mlangoni, mbele ya mwanawe, "Hapa ndipo penye msiba wa Gari Moshi?"

"Andika yote," Bi Mize aliniambia. "Sina la kuficha. Lakini uandike Subira binti Makame. Lile jina jingine lieleze, watu wajue walivyomfanya, ila mama usimwite hivyo. Mimi sijapata kuona jina lake limeandikwa popote, hata kaburini hapana." Nikamwahidi. Ndilo jambo pekee alilolitaka katika mji huu baada ya macho yake.

Niliandika kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kwa Kichina ilibidi apewe mtu, na mwalimu wetu msimamizi alimjua Sele, kwa sababu nani asiyemjua Sele, na wakakubaliana kwamba yeye atayageuza maandishi yangu kwa ajili ya bango la maonyesho, na siku ya ufunguzi atamtafsiria bibi, atakayesema maneno machache mwenyewe mbele ya wageni. Mimi nilikuwa nimefurahi! Nilimsifia Sele kwa Bi Mize. Nilimwambia hakuna anayezungumza Kichina kama yeye. Jumapili ile alikuja, akala pweza mabakuli mawili, akampiga Bi Mize picha jikoni akiwa anacheka kisa cha samaki, akamwita "bibi yangu mrembo". Bi Mize akamfungia mandazi ya kwenda nayo.

Siku yenyewe ukumbi ulijaa. Wanafunzi, walimu, wageni waliovaa suti, wapiga picha. Mabango yalikuwa yamefunikwa vitambaa vyekundu mpaka hotuba ziishe. Bi Mize alivaa buibui jipya na ushungi wa hariri aliokopa kwa mwanawe, jicho moja limeshafunguka na jingine bado lina ukungu. Alishika maikrofoni kwa mikono miwili. Sele alisimama kando yake, mkono mmoja mgongoni mwake kama mjukuu mwema.

"Mama yangu akiitwa Subira binti Makame," alianza. "Nyumba yetu ilikuwa upande wa Mtoni, na reli ikaja ikapita ubavuni."

Sele akasema kwa Kichina: Bibi anasema mama yake aliishi karibu kabisa na reli, na kila gari likipita alikuwa anakimbia nje kulipungia mkono.

Nilidhani nimesikia vibaya. Kichina changu nilikuwa sikiamini hata mwenyewe.

"Gari lilitema cheche," Bi Mize akaendelea, "zikaangukia makuti."

Sele: Anasema lilikuwa linatoa cheche nzuri, watoto wakidhani ni fataki za sherehe.

Watu wakasema aaa, wakatabasamu. Hapo nilijua sijasikia vibaya. Bi Mize akaeleza mbuzi, paa, uso, mkono, akaonyesha kwa kiganja chake mahali pa shavu palipoungua, na Sele akasema kuwa mama yake alikuwa na mbuzi aliyelipenda gari hata kuliko watu. Wakacheka. Bi Mize akakisikia kicheko kile, akadhani labda ndivyo watu wa huku wanavyosikitika, akamalizia: "Wakamwita Gari Moshi mpaka anaingia kaburini." Na Sele, uso unameremeta, akasema: Alilipenda gari lile hata mji mzima ukamwita Binti Treni, na alikufa na jina hilo la fahari.

Ukumbi ukasimama ukapiga makofi.

Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile na nimeshadhulumiwa mengine, lakini makofi yale wallahi sijayasamehe. Si kwa wale waliopiga. Wao walishangilia walichoambiwa. Bi Mize alikuwa anatazama upande mmoja na upande wa pili kwa jicho lake zima. "Wanashangilia nini, mwanangu?" alimuuliza Sele, na maikrofoni ilikuwa bado wazi. Sele akamjibu, "Wamefurahi, bibi. Wamekupenda." Bi Mize akageuka akanitafuta mimi. "Riziki, wanacheka nini?"

Nikasimama pale pale nilipokaa, safu ya tatu, nikamwambia. Kwa Kiswahili, neno kwa neno. Nikamwambia fataki, nikamwambia mbuzi, nikamwambia Binti Treni. Niliona uso wake unavyobadilika na bado nikamaliza. Kisha nikapanda jukwaani, nikaichukua maikrofoni mikononi mwake kwa heshima, nikasema kwa Kichina changu cha darasa la kwanza: Si kweli. Treni iliunguza nyumba. Mama yake aliungua uso. Jina lake ni Subira. Sentensi nne, na ya tatu niliikosea, nikairudia.

Mama mmoja mbele alifunika mdomo. Mpiga picha akashusha kamera. Nilidhani sasa mtu atauliza, atasema tena, eleza tena, nani huyo Subira. Badala yake mwalimu wetu akacheka kile kicheko cha kupoza, akasema wageni wetu wametoka mbali na wamechoka, chai iko tayari, tufungue mabango. Wakavuta vitambaa. Bango letu lilikuwa na picha ya Bi Mize anacheka jikoni, kubwa kama mlango. Chini yake, kwenye kurasa zangu zote nilizoandika, ilibaki mistari miwili ya furaha, na herufi kubwa: Mtoto wa Binti Treni. Subira hayumo. Nilitafuta mara mbili. Sele alipita nyuma yangu akaninong'oneza, meno yamefungwa, bado anatabasamu kwa ajili ya picha: "Zimamoto wewe. Nani kakuita?"

Ratiba ilisema baada ya chai wageni wote watapandishwa treni mpya mpaka Foshan. Bi Mize alisema, "Nipeleke nyumbani." Ndani ya teksi alivua ule ushungi wa hariri akaukunja vizuri juu ya mapaja yake. Neno alilosema njia nzima lilikuwa moja: "Yule nimempikia."

Kesho yake mchana Sele akaja na boksi la matunda, yale mekundu yenye magamba. Hakuwa na haya wala hakuwa mwovu. Na hilo ndilo linalonichoma hata leo, kwamba kweli hakuona alichokosa. Alikaa juu ya robota, akaeleza kwa upole kama anavyowaeleza wageni wa mara ya kwanza. "Bibi yangu, hawa watu wamekuja kusherehekea treni yao. Ukiwaletea moto na majeraha wanafunga mlango, kesho hawamwiti Mtanzania. Mimi nimekupa heshima. Umeona ukumbi mzima umesimama? Nani kashawahi kumsimamia bibi wa Unguja? Ndivyo kazi ilivyo. Sokoni ukisema yote kama yalivyo, hununui kitu."

Bi Mize alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Akautua.

"Mimi sikwenda kuuza, mwanangu."

Sele akacheka, akasema, "Haya bibi, yaishe," akaondoka. Kuomba radhi hakuomba, si siku ile wala nyingine.

Na mnadhani watu walisema nini? Walisema mimi ndiye niliyeharibu. Nimemwaga mchele penye kuku wengi. Nimemwaibisha Mtanzania mwenzangu mbele ya wageni. Wazee wa jumuiya waliniita wakanikalisha: mtoto wa kike, una kelele, mambo ya kale hayana faida. Sele mwenyewe hakunigombeza. Alifanya lililo baya zaidi, alinigeuza kichekesho. Kila mezani alieleza kisa changu, mimi nimekimbia na mpira wa maji kuzima moto uliokwisha zimika miaka mia iliyopita, na jina likanasa. Mtu aliyesikia kisa cha msichana aliyebandikwa jina kwa kuungua uso, alichojifunza humo ni kubandika jina! Hata Zulekha, siku niliposema asimpe tena kazi, alishusha macho. "Riziki, na mimi namhitaji," alisema. "Nani atanisemea kwa laoban?" Mama yake alikuwa nyuma ya pazia, anasikia. Jicho la kushoto lilipofanyiwa kazi tu, Bi Mize akataka kurudi kwao, na amekufa huko miaka iliyopita. Bango lilikaa ukumbini mpaka mwisho wa muhula. Nilikuwa napita mlango wa nyuma.

Basi hayo ndiyo niliyokuwa nayo kifuani nilipokwenda kwenye hitima ya Sele, Ijumaa baada ya sala, nyumbani kwake, ghorofa safi yenye zulia. Maiti ilikuwa imeshasafirishwa. Nilikwenda kwa sababu asiyekwenda msibani anazungumzwa, na nimeshachoka kuzungumzwa. Wanaume walikaa sebuleni, sisi wanawake chumba cha pili, mlango wazi na pazia katikati. Sheikh akauliza, "Mnamshuhudia vipi marehemu?" Wakaitikia kwa pamoja, wanaume kwa wanawake, "Mtu mwema!" Niliuma ulimi. Mama mmoja aliyekaa karibu nami alinitazama mdomoni kuona kama umefunguka.

Mkewe, Hawa, mwanamke wa Tanga, mpole, alinyanyuka akaja akapiga magoti mbele yangu. Hatukuwa tukijuana zaidi ya salamu.

"Dada Riziki," alisema, "mume wangu alikuwa akicheka kila akikutaja. Mpaka kitandani anaumwa, anacheka. Mimi nikamwambia, baba, mtu hacheki kila siku jambo lililokwisha. Kama kakukosea, nakuomba kwa ajili ya Mungu, mtolee radhi."

Nilikuwa nimejiandaa kuwachukia wote waliokuwemo mle ndani, na yeye nikashindwa.

"Yangu nimesamehe," nikasema. "Jina alilonipa, kicheko, vyote, basi, nimesamehe. Lakini kuna lingine si langu, na sina uwezo wa kulitoa."

"La nani?"

"La Subira binti Makame."

"Ndiye nani?"

Nikamweleza. Palepale msibani, mbele ya wanawake wote, mume wake hajamaliza hata juma. Sikupunguza wala sikutia asali. Nilieleza reli, cheche, mbuzi, uso, mkubwa aliyepima kwa hatua, watoto na honi zao, na alichokisema mumewe ukumbini neno kwa neno, na jinsi watu walivyosimama wakapiga makofi. Sauti yangu ilipanda. Najua kwamba ilivuka pazia, maana wanaume nao walinyamaza. Shangazi mmoja akasema, "Jamani, si mahali pake!" Hawa akamwinulia mkono anyamaze.

"Ana mtoto aliye hai?" aliniuliza.

"Alikuwa naye mmoja. Naye kafa."

"Mjukuu?"

"Zulekha. Aliendelea kufanya kazi na mumeo. Hili hakulitaka kulisikia."

"Basi nani wa kumwomba?"

"Sijui, Hawa. Hakuna."

Sebuleni sheikh alikuwa amefika pale ambapo majina ya marehemu hutajwa ili waombewe, baba yake Sele, mama yake Sele, babu zake. Hawa akasimama. Akaenda mpaka kwenye pazia, akaita kwa sauti iliyokauka, "Sheikh, kuna jina jingine."

"Lipi, mama?"

"Subira binti Makame."

"Ni wa kwenu?"

"Si wa kwetu. Mume wangu amekwenda na haki yake."

Walikuwemo mle wazee walioniita nikakalishwa, walikuwemo vijana waliocheka kisa changu mezani wakitafuna nyama. Sheikh akasafisha koo, akainua mikono, akaomba: Suleiman bin Athumani, na Subira binti Makame, Mungu awarehemu, na kila mwenye haki amlipe haki yake. Wakaitikia wote, amin, wengine taratibu, macho chini. Nikaitikia na mimi, kwa sauti kubwa, kwa yule wa pili.